Matawi Mlangoni kwa Marsiana

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe 3 Desemba, saa nne na robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeinamia baiskeli ya katekista, natoa mwiba kwenye tairi la nyuma, na redio ya jirani yangu Gaudensi ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza matangazo ya vifo ikaingia matangazo ya furaha. Kwetu yanafuatana. Mtangazaji akasema Serikali imeuteua mji wa Lumbwiko kuingia katika orodha ya Miji Midogo Kumi Inayofaa Kutembelewa Wakati wa Krismasi. Gaudensi akaizima redio, akaiwasha tena, labda itakuwa imebadili mawazo. Haikuwa imebadili.

Msomaji wa mbali haijui nchi yetu, na msomaji wa karibu asijifanye anaijua. Ni nchi nzuri sana. Ina Wizara ya Furaha na Wageni yenye ghorofa sita na lifti inayopanda tu. Anayetaka kushuka hutumia ngazi, lakini wakubwa wenyewe wanasema hawajawahi kutaka kushuka.

Wizara hiyo ilikuwa imewaahidi wageni wa ng'ambo miji kumi, ikapata tisa. Mji wa kumi, kwa jinsi dereva wa Waziri alivyotusimulia baadaye, ulitafutwa kitaalamu. Waziri aliweka kikombe cha chai juu ya ramani, akakinyanyua, na duara la chai likabaki limetuzunguka sisi. Kama angekunywa kahawa siku hiyo, sijui. Mimi shule niliishia darasa la nne, mambo makubwa huwa nayaelewa yakishanifika.

Kitabu cha wageni kilikuja wiki hiyo hiyo, kimepigwa picha za rangi. Humo tukasoma habari za wenzetu. Kisunzu walikuwa wamewavika wafungwa mabawa ya mabati, na mgeni aliombwa asiwape malaika sigara. Mtagala walikuwa wamefunga shule mwaka mzima ili watoto wajifunze wimbo mmoja, na kweli waliujua. Nyampulu walikuwa wamewachagua mamajusi watatu kwa kura za siri, wakashinda wanne, maana wa nne alitoka chama tawala. Lumbwiko tulipewa ukurasa wa mwisho, picha ya mlima ambao hatuna, na maneno haya: Mji wenye watu wanaotii.

*

Mkurugenzi wa Mji, Bwana Anakleti Ndumizi, alituita uwanja wa soko. Ni mtu mfupi, hupenda kuongea akiwa juu ya kitu. Siku hiyo alisimama juu ya mizani ya kupimia mahindi, na mshale ukabaki unatuonyesha kilo tisini na nne za uongozi muda wote wa hotuba. Akatusomea Waraka wa Furaha Namba 7.

Mbuzi wote wapakwe chokaa wawe kondoo. Barabara kuu imwagiwe chokaa iwe theluji, na isikanyagwe mpaka wakaguzi wapite. Kituo cha afya kiwe Pango la Bethlehemu, kwa kuwa katika majengo yote ya Serikali ndilo lililokaribia zaidi kufanana na zizi. Gari la wagonjwa lipakwe rangi nyekundu liwe gari la Baba Krismasi. Kila mlango utundikwe tawi bichi. Na kuanzia tarehe 10 Desemba hadi tarehe 2 Januari mtu yeyote asiugue hadharani, asilie, wala asife bila kibali cha maandishi kutoka ofisi ya Mkurugenzi. Mtu mmoja nyuma akauliza kibali hicho kinachukua muda gani. Mkurugenzi akasema hakitolewi.

Hayo ya mbuzi na ya kufa watu waliyasikia kwa utulivu, tumeshazoea. Lililoleta mnong'ono ni tawi.

Lazima nieleze. Lumbwiko mtu akifa hatupigi ngoma wala hatutumi mjumbe. Nyumba iliyofiwa hutundika mlangoni tawi bichi la mzambarau. Jirani akiliona anakata la kwake, analileta, analiegemeza ukutani, anakaa chini. Kila nyumba tawi moja. Siku ya kuzika watu huutazama ukuta, na hapo ndipo marehemu anapojulikana alikuwa mtu wa namna gani. Tulikuwa na hakimu hapa, mtu mwenye gari na miwani ya dhahabu. Alipokufa alipata matawi mawili, moja la mkewe. Lile la pili lilikuwa la mke wangu Marsiana. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa yetu sikumbuki nyumba ya msiba aliyoikosa.

Gaudensi, ambaye ni mzee wa kukohoa kwanza ndipo aseme, akakohoa. Akasema, "Bwana Mkurugenzi, tawi mlangoni hapa kwetu ni msiba."

"Mzee wangu," akasema Ndumizi, "kuanzia leo ni furaha."

"Maana yake itabadilikaje kwa siku moja?"

"Serikali imebadili mbuzi, mzee. Itashindwa na tawi?"

Watu wakapiga makofi, maana mgambo walikuwa wameanza kuangalia nani hapigi.

Kesho yake asubuhi mji mzima ulikuwa umefiwa. Ulikuwa ukitoka kwako kumpa pole jirani mnakutana njiani, naye anakuja kukupa wewe. Dereva wa lori la chumvi alisimama pale juu kwenye kona, akaona milango yote ina matawi, akafunga kioo akageuza gari, na hatukuona chumvi mpaka Januari. Marsiana peke yake ndiye aliyekataa. Alisema hajiitii kifo. Basi akaja mgambo Severini na nyundo, akatupigilia tawi mlangoni kwa niaba ya Taifa.

Marsiana alimtazama mpaka akamaliza, akamletea maji ya kunywa, akasema, "Haya. Kifo kishapigiwa hodi, tungoje kitakavyoitika."

*

Kiliitika Ijumaa tarehe 20. Alfajiri alikuwa anachoma mihogo, saa mbili alikuwa amejikunja sakafuni ameshika tumbo upande wa kulia. Marsiana hakuwa mtu wa kulalamika, kwa hiyo aliposema inauma nilijua imeshauma siku nyingi.

Nikamkokota mpaka Pangoni. Vitanda kumi na viwili vya kituo cha afya vilikuwa vimefungiwa stoo na nyasi zimetandazwa wodini. Punda alikuwa amefungwa pale ilipokuwa meza ya dawa, ametulia kuliko daktari yeyote tuliyewahi kuletewa. Nesi Tekla, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa amefunikwa kanga ya buluu, amepewa mwanasesere, na amekatazwa kuondoka mahali pake kwa sababu ndiye Bikira Maria na mazoezi yalikuwa yanaendelea. Wagonjwa waliokutwa humo walikuwa wamegawanywa: wenye nguvu wakawa wachungaji, wasio na nguvu wakarudishwa nyumbani.

Nikamlaza Marsiana kwenye nyasi miguuni pa Bikira Maria. Tekla akamweka mwanasesere pembeni, akambonyeza Marsiana tumbo, akaachia, naye akauma kanga yake. Tekla akanongʼona, maana Maria hakuandikiwa maneno katika mchezo ule.

"Fundi, hili ni la kupasuliwa. Leo hii, siyo kesho. Mpeleke Bondeni."

Bondeni ndiko kwenye hospitali kubwa, kilomita arobaini. Nikatoka kutafuta gari. Lilikuwa pale pale uani, jekundu, limefungwa pembe za mbao mbele. Ndani walikuwa wametoa machela na kuchomelea kiti cha enzi, na katika kiti hicho alikuwa amekaa Mkurugenzi Ndumizi mwenyewe, anajaribu ndevu. Ndevu hizo zilikuwa pamba yote ya kituo cha afya.

Nikavua kofia. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mke wangu anakufa."

Akanitazama juu ya zile ndevu. "Fundi, uliusoma Waraka?"

"Nilisomewa."

"Basi unajua neno hilo halitumiki mpaka Januari."

Nikamwomba gari. Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ninaousikia mpaka leo, kwamba gari siyo lake wala siyo langu, ni la wananchi, na wananchi wanafanya nalo mazoezi. Halafu rangi ni mbichi. Halafu kiti kimechomelewa, sasa mgonjwa atakaa wapi, mapajani pa Baba Krismasi? Wapambe wake wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika mlango wa gari, na kweli rangi ilikuwa mbichi.

*

Nina baiskeli. Fundi baiskeli hakosi baiskeli. Nikafunga godoro kwenye keria, nikamkalisha Marsiana, nikamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge kama wanavyofungwa watoto, ambao hatukujaliwa, nikaanza kukanyaga kuelekea Bondeni.

Njia ya kutoka Lumbwiko ni moja, nayo ilikuwa theluji. Kilomita mbili za chokaa, nyeupe mpaka macho yanauma, na mwanzoni mwake kamba, na nyuma ya kamba Severini na bunduki.

Severini huyu, alipoteguka mguu akiwa na miaka sita, Marsiana ndiye aliyemkanda kwa wiki tatu. Anatembea leo kwa sababu yake.

"Fundi," akasema, "theluji haijakauka."

"Severini, huyu ni mama yako Marsiana."

"Namwona. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akaitikia Marsiana kutoka mgongoni kwangu. "Mguu unaendeleaje?"

"Mzima kabisa, mama."

"Vizuri. Unasimamia vizuri."

Nikamwambia nitapita pembeni kwenye majani. Akasema majani nayo yameshapakwa. Nikamwambia nitambeba mabegani, nikanyage kwa vidole tu. Akasema alama ni alama, wakaguzi watauliza ni nyayo za nani, na yeye ana watoto. Jua lilikuwa linapanda. Alisema Jumatatu itakuwa imekauka. Alisema hivyo akiangalia mguu wake.

Nilitaka kumgonga na baiskeli. Nasema kweli, nilishainua gurudumu la mbele. Ndipo Marsiana akanigusa shingoni.

"Kazimiri, geuza. Tusije tukachafua theluji ya watu."

Nikageuza. Njiani akawa ananiambia mambo kidogo kidogo, kama mtu anayeelekeza chumvi imewekwa wapi. Kwamba yule kuku mweusi apewe Tekla. Kwamba nisioe kwa hasira. Kisha tukipita soko akasema, "Hilo tawi la Serikali walilopigilia usilihesabu kuwa langu. Nataka ya watu. Nimewapelekea nyumba zote, Kazimiri. Wasinizike kimya kwa ajili ya waraka. Jina langu liandikwe, na matawi yangu yaje."

Nikamwambia yatakuja. Ningesema nini kingine.

Alikufa Jumamosi saa saba mchana, bila kibali.

*

Nililing'oa tawi la Severini, nikalitupa. Nikapanda mzambarau nyuma ya nyumba, nikakata tawi langu mwenyewe, nikatundika. Lakini nani angejua? Milango yote ilikuwa na matawi. Nikakaa kizingitini. Watu walipita, wakaniona nimekaa chini, wakatazama mlango wangu, wakatazama milango yao.

Gaudensi ndiye aliyeelewa kwanza. Hakuniuliza kitu. Alirudi kwake, akachukua koleo, akang'oa tawi la Furaha mlangoni pake, misumari ikalia, akalileta akaliegemeza ukutani kwangu akakaa chini. Baada yake mke wake, amejifunga kitambaa cheupe kama wafanyavyo wanawake wetu msibani. Baadaye muuza mafuta ya taa. Baadaye Tekla, ametoroka Pangoni na kanga ya buluu, amebeba tawi la kituo cha afya. Kufikia jioni kila mlango wa Lumbwiko, isipokuwa mmoja, ulikuwa mtupu na nyumba yangu ilikuwa msitu. Nyumba mia mbili na kumi na moja zipo katika mji huu. Jumapili asubuhi Gaudensi aliyahesabu matawi, yakawa mia mbili na kumi. Lililokosekana lilikuwa la Mkurugenzi. Lilibaki mlangoni kwake peke yake, mji mzima, na wanawake waliopita pale kwa wiki nzima walikuwa wanasimama kumwambia mkewe pole.

*

Wakaguzi walitarajiwa Jumanne tarehe 24. Wakafika Jumapili tarehe 22 saa tano asubuhi, kwa sababu kule Nyampulu mamajusi wanne walikuwa wamepigana kwa zile zawadi na mji ukafungwa. Mkuu wao alikuwa Bi Eudosia Lwambuka, mama mnene, mpole, mwenye daftari la alama na viatu vyeupe vya kufanana na theluji.

Ndumizi alimpokea akiwa na ndevu za upande mmoja. Mama akatazama mlango wa kwanza, mtupu. Wa pili, mtupu. Akaandika. Waliokuwepo wanasema Mkurugenzi alianza kutetemeka mpaka pamba ikamdondoka. Ndipo mama akaona kijani kule mwisho wa mtaa, akauliza kile ni nini, na hakungoja jibu.

Nilimwona akija. Akasimama mbele ya nyumba yangu. Matawi yalikuwa yamefunika kuta mpaka kwenye bati, taa ya chemli inawaka mlangoni mchana kweupe kama desturi yetu inavyotaka, wanawake wamevaa nyeupe wamekaa kwenye majamvi, wanaimba taratibu bila kupaza. Mama yule akaweka mkono kifuani.

"Mji mzima," akasema. "Mji mzima umepamba nyumba moja."

Akaomba kuingia. Ndumizi akasema ndani hapajakamilika. Mama akasema ndiyo penyewe anapotaka kuona. Akavua viatu, akaingia. Marsiana alikuwa kitandani, amefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, Tekla ameketi kichwani na kanga yake ya buluu. Mama akamtazama sana. Akanongʼona kwamba ameikagua miji mingi lakini utulivu wa namna hii hajauona. Akanigeukia.

"Baba, mmefanya mazoezi muda gani?"

"Miaka thelathini na minane," nikamjibu.

Akaandika. Nikasema, "Mama, huyu ni mke wangu. Amekufa jana saa saba."

Akashtuka kidogo, akamtazama Mkurugenzi. Na hapa niseme haki, Ndumizi ni mtu mwenye akili. Hakumeza hata mate. Akasema, "Ndivyo walivyofundishwa, mheshimiwa. Hawatoki nje ya mchezo hata uwachome mkuki."

Mama yule akanishika mkono, machozi yanamlengalenga, akaniambia nina kipaji. Alama tisini na saba.

Wakaenda kula kondoo nyumbani kwa Mkurugenzi, kondoo aliyekuwa analia kama mbuzi mpaka mwisho. Amri ikaja kwangu kupitia kwa Severini kwamba maiti, yaani mhusika, asiondolewe hadi Waziri atakapokuja kujionea Jumanne. Gaudensi akakohoa. Akasema wakubwa wakila huchukua saa mbili. Tukamzika Marsiana ndani ya saa moja na nusu, mji mzima, na ili kufika makaburini tulipita juu ya theluji. Severini alikuwa kwenye kamba. Aliinua kamba, na hakuuliza nyayo ni za nani. Ijumaa alikuwa na watoto; sijui Jumapili aliwaweka wapi.

Waziri alipokuja Jumanne alizisifu zile nyayo, akaambiwa ni za wachungaji. Kitandani kwangu, kwa kuwa pengo lazima lizibwe, walikuwa wamemlaza Tekla na kumfunika shuka. Vumbi la chokaa likampanda puani, akapiga chafya. Waziri akauliza huyu mwigizaji wamemtoa wapi. Bi Eudosia akamwomba radhi. Akasema kwa huzuni ya kweli, "Yule wa Jumapili alikuwa bora zaidi."

Hata hivyo tukashinda. Lumbwiko ni Mji Mdogo wa Kwanza kwa Krismasi katika nchi yetu. Kombe liko ofisini, Ndumizi akapandishwa akawa Kamishna wa Kanda, na vitanda vya kituo cha afya bado viko stoo, kwa sababu punda amezoea.

*

Januari tarehe 3, neno lilipokuwa linaruhusiwa tena, nilikwenda kuandikisha kifo cha mke wangu. Hapa kwetu huruhusiwi kuweka msalaba wenye jina bila cheti cha kifo. Karani akafungua kitabu kikubwa, akafunua Desemba, akanionyesha. Kurasa zilikuwa tupu, safi, zina harufu ya duka.

"Desemba haina mtu, Fundi," akasema. "Hakufa mtu. Imeshapelekwa makao makuu hivyo, na imepongezwa."

Nikamwambia kaburi lipo, aende akaone. Akasema kaburi si hoja, watu huchimba. Lakini alikuwa kijana mwenye utu, akataka kunisaidia. Akasema tarehe 9 Desemba ina nafasi, au leo hii tarehe 3 Januari. Nikafikiri. Tarehe 9 Marsiana alikuwa anapika pilau kwenye harusi ya binti wa Gaudensi, watu mia walikula chakula cha mkono wake. Na Januari hii ameshalala udongoni siku kumi na mbili, sasa afe tena kwa ajili ya nani? Nikakataa zote mbili. Karani akaniambia nina kiburi kwa mtu wa darasa la nne.

Nimerudi ofisi ile kila mwezi. Mwezi wa nne wageni walianza kufika na kitabu kipya. Sasa tumepewa ukurasa wa kwanza. Kimeandika: Usikose Nyumba ya Mama Aliyelala. Wanakuja mlangoni kwangu, wananiomba nikae pale pale nilipokaa siku ile. Wananiuliza mama yuko wapi. Nikiwaambia, wananipigia makofi.

Kaburi halina msalaba. Lina tawi, nalibadilisha kila Jumamosi saa saba.

*

Jumatano iliyopita tuliitwa tena uwanja wa soko. Kamishna Ndumizi alikuja mwenyewe, akapanda mizani ile ile. Kilo mia moja na nane. Akatusomea barua ya Wizara.

Barua ilikuwa ya heshima sana. Ilisema Taifa linajivunia Lumbwiko, na kwa kuwa wageni wameshalipia vyumba, Wizara inaelekeza kwamba tukio la Jumapili tarehe 22 ya mwaka jana lirudiwe mwaka huu kama lilivyokuwa, si lile la Jumanne, ambalo halikufikia kiwango. Mhusika mkuu asiwe mwigizaji. Mji uwasilishe jina lake kabla ya tarehe 30 Novemba, na mhusika ahakikishe yuko tayari ifikapo Jumamosi saa saba mchana.

Mtu mmoja akauliza kama Waraka wa kutokufa bado upo. Kamishna akasema upo, lakini mwaka huu kibali kimoja kitatolewa. Akasema inapendeza zaidi akijitolea mzalendo mwenye umri, asiye na majukumu, ambaye majirani wanampenda, kwa ajili ya wingi wa matawi. Watu wakaanza kuangaliana. Halafu, mmoja mmoja, wakawa wanamtazama Gaudensi. Gaudensi alikuwa katikati ya kukohoa. Akaacha. Sijamsikia akikohoa tena tangu siku hiyo, anameza.

"Jina," akasema Kamishna, kalamu mkononi. "Nataka jina tu."

Nikasimama. Nikavua kofia, kama siku ile ya gari jekundu. Nikasema, mheshimiwa, jina litapatikana, sisi ni watu wanaotii, imeandikwa. Ila kurudia kitu lazima tujue cha kwanza kilikuwaje. Kitabu chenu pale ofisini kinasema mwaka jana Desemba hakufa mtu Lumbwiko, na barua yenu hii inataka iwe vile vile. Mimi ni mtu wa darasa la nne, hapo nimeachwa nyuma.

Swali nililomwuliza lilikuwa fupi. Aliushusha uso, akatazama mshale wa mizani kama ndio unaojua. Karani alifunga kitabu. Severini aliangalia mguu wake. Siku ya nne leo, tarehe 30 iko mlangoni, na hakuna aliyenijibu, kwa hiyo nalirudia hapa, mwenye cheo anijibu na asiye na cheo anijibu: Jumapili ile, kitandani kwangu, alikuwa amelala nani?